Mzee Nailoni na Mlango wa Konokono

Mume wangu hatoi nailoni. Naanza na hilo kwa sababu ukilijua hilo umeshamjua yeye, na yaliyobaki ni nyongeza tu. Mletee redio mpya: ataipokea kwa mikono miwili, ataikaribisha kabatini kama mgeni wa heshima, na ile nailoni iliyokuja nayo itabaki mwilini mwake mpaka redio ife. Rimoti yetu imevaa nailoni. Televisheni ina ngozi yake ya kiwandani, imefanya mapovu pembeni, hata kila msomaji wa habari anaonekana ana matumbwitumbwi. Makochi ndiyo usiseme. Siku ya joto mgeni akitaka kuinuka anashikwa mapaja, na akifanikiwa inatoka sauti inayomfanya aombe radhi kwa kosa ambalo hakulifanya. Godoro letu la harusi nalo lilikuwa na nailoni yake. Ukigeuka linalia kama mtu anayekunja gazeti. Nisiendelee, maana hata wakwe watasoma haya.

Mtaa mzima unamwita Mzee Nailoni, na yeye huitika. Ukimsema ana majibu mawili tayari mdomoni. La kwanza ni "akiba haiozi." La pili ni "kitunze kikutunze." Mimi nami ninayo yangu, "ngoja ngoja huumiza matumbo" na "chelewa chelewa utakuta mwana si wako," na hivyo ndivyo tulivyoishi, tunarushiana methali mezani kama watoto wanaorushiana mpira.

Chanzo chake nakijua. Alipokuwa mdogo baba yake alimnunulia shati jeupe, akaambiwa alitunze mpaka siku kubwa. Alilitunza. Alilitunza vizuri mno, hata siku kubwa ilipofika mikono ya shati ilikuwa inamwishia kwenye viwiko, akapewa mdogo wake. Mtu mwingine angejifunza kwamba shati ni la kuvaa. Mume wangu anachokumbuka ni kwamba lilikuwa jeupe mpaka dakika ya mwisho, na husimulia hivyo kwa fahari. Nimeshachoka kumwonyesha kasoro ya hadithi hiyo.

Maisha yake yote ya kazi alikuwa fundi wa magari kwenye kampuni ya kupima barabara. Kampuni ilikuwa na gari moja la ajabu, nyumba juu ya magurudumu, ambamo wahandisi walilala wakiwa porini: kitanda, jiko la gesi la mafiga mawili, sinki ndogo, meza ya kukunja ukutani, na pale pa kuingilia milango miwili, mmoja wa bati na mmoja wa wavu wa kuzuia mbu. Gari lilipochakaa na yeye alipochakaa, waliwastaafisha pamoja. Akaja nalo nyumbani akipiga honi kuanzia mwanzo wa mtaa, akaliegesha kando ya karo la kufulia. Watoto wa jirani wakaliita Konokono kwa vile lina nyumba mgongoni. Baadaye jina lilizidi kulifaa, ila konokono angalau hutambaa.

Siku ile ile aliyolileta alinishika mkono akaniambia, "Mke wangu, hili ndilo litakalotupeleka kwa dada yako."

Dada yangu ndiye aliyenilea. Mama yetu alituacha mapema, na yeye, akiwa bado msichana, alinibeba mgongoni, akanifundisha kushika sindano, akanisuka nywele mpaka siku ya harusi yangu. Aliolewa mbali, juu kwenye milima ya baridi, mwisho wa barabara ndefu ya vumbi. Mimi ni fundi cherehani. Miaka ya kuinamia cherehani imenivunja mgongo, na daktari alishasema safari ndefu ya kukaa kwenye kiti cha basi nisahau. Lakini gari lenye kitanda ni jambo lingine. Ndani ya Konokono ningelala chali, nikafika mzima. Kwa hiyo mtanielewa nikisema kwamba gari lile nililipenda kuliko mwenyewe alivyolipenda.

Basi likaanza kuandaliwa. Kwanza matairi, kweli yalikuwa yameisha. Kisha betri. Kisha akataka mapazia. Nikashona mapazia mazuri yenye maua, na siku ya pili nikayakuta yamefunikwa nailoni. Kisha viti, ambavyo vilifanyiwa kitambaa kipya na kurudishiwa nailoni juu yake. Kila nilipouliza tunaondoka lini alijibu, "Bado kitu kimoja tu." Ni mtu wa kitu kimoja tu. Nilikuwa nameza mate machungu nakwenda zangu kushona.

Hapo ndipo dada alipopiga simu. Alikuwa na sauti yake ile ile ya kucheka-cheka, akaniuliza hali ya mgongo, akaniuliza hali ya nailoni. Kisha akasema, "Mdogo wangu, macho yangu yanafunga duka."

"Yanafunga vipi?"

"Daktari kasema ni presha ya macho. Kilichokwisha kupotea hakirudi, na kilichobaki kinaondoka polepole. Sasa hivi naona watu kama wako nyuma ya pazia la bafuni. Njoo nikuone."

"Nitakuja, dada. Nami nina hamu ya kukuona."

"Hujanisikia. Sisemi uje unione, mimi hata ukichelewa utanikuta na sura hii hii. Nasema uje mimi nikuone wewe."

Nilikata simu nikakaa juu ya kochi, na nailoni ikalia, na mimi nikalia.

Nilimweleza mume wangu. Alitoka nje, akamzunguka Konokono mikono nyuma. Nilimfahamu kutoka dirishani: alikuwa anatafuta kitu kimoja tu. Akakipata mlangoni.

"Vumbi," alisema aliporudi. "Barabara ya kule ni vumbi tupu. Tukifunga mlango wa bati utalala gizani na joto litakuoka. Tukiacha wa wavu peke yake, utameza vumbi mpaka ufike umekuwa tofali. Niubandike ule wa wavu mabamba ya plastiki, ile inayoonyesha kama kioo. Mwanga unaingia, vumbi linabaki nje. Kisha tunakwenda."

"Kisha tunakwenda?"

"Kisha tunakwenda."

"Haki ya Mungu?"

"Haki ya Mungu, mama watoto."

Na nisimwonee, wazo lilikuwa zuri. Mlango ule una fremu ya alumini na ufito mmoja unaokatiza katikati, pale penye komeo. Yalihitajika mabamba mawili, la juu na la chini, yakae upande wa nje wa wavu, yabanwe kwa vishikizi vidogo vya kuzungusha, ili tukitaka upepo tuyatoe bila bisibisi. Tulikwenda wote wawili kwenye duka la vioo tukarudi na plastiki ngumu, tumeishika huku na huku kama watu waliobeba kitanda cha mgonjwa.

Akapima juu, akapima ubavuni, akakata. Kukata anajua: anapitisha kisu kando ya rula ya chuma, anarudia, anarudia, kisha analaza plastiki ukingoni mwa meza na kuikandamiza, inakatika kwa mlio mmoja safi. Alijawa na furaha. Akaenda kulipachika bamba la kwanza. Juu likakaa, chini likagoma.

"Mlango umevimba," alisema.

"Mlango wa alumini unavimba? Umepinda huo. Gari limebeba wahandisi kwenye mashimo miaka yote hiyo, wewe ungebaki umenyooka?"

Niliingia ndani nikatoka na gazeti, pini, mkasi na chaki. Katika kazi yangu sijapata kumwona mtu mwenye mabega mawili yaliyo sawa, kwa hiyo simkatii mtu kitambaa kabla sijamkatia karatasi. Nikaupima mlango kama ninavyompima mteja: nikabandika gazeti juu yake, nikalifuata umbo lake lilivyo na si lilivyotakiwa kuwa, nikakata kiolezo. Yeye alisimama kando ameshika pini kwa midomo, mtiifu kama mwanafunzi wa wiki ya kwanza. Nilimpenda sana saa ile. Ningempenda zaidi kama tungekuwa tayari njiani.

Bamba la pili, alilolikata kwa kiolezo hicho, lilipasuka kwenye kutoboa matundu ya vishikizi, maana alitoboa karibu mno na ukingo. Likasema ta! na ufa ukakimbia mpaka katikati. Akavuta pumzi, akabandika selotepu mahali pa tundu kama nilivyomshauri, akaiendesha drili taratibu, na la tatu likasalimika. Lile lililopasuka hakulitupa. Liko chini ya kitanda, limefungwa ndani ya nailoni.

Mwisho mabamba yote mawili yakakaa. Hayakucheza wala kuacha upenyo. Nilichukua ufagio nikatimua vumbi la uwanja mzima kuelekea mlangoni, nikaingia kukagua, na mezani hapakuwa na chembe. Kazi ilikuwa safi. Kasoro moja tu, na ninyi mnaomjua sasa mmeshaihisi.

Plastiki ile hutoka kiwandani imevikwa ngozi pande zote mbili, ngozi ya rangi ya maziwa yenye bluu kidogo, ili isichubuke. Mwenye duka la vioo alisema wazi, "Mzee, ukishafunga, bandua hii." Nilikuwepo, nilisikia. Mume wangu naye alisikia, akaitikia kwa kichwa kama mtu aliyeambiwa asalimie nyumbani.

Jirani yangu muuza mboga alipita na beseni lake, akasimama.

"He! Mmeweka mlango wa bafu?"

"Hiyo inaonyesha kabisa," mume wangu akajibu.

"Inaonyesha nini?"

"Inaonyesha. Ukitoa ngozi."

"Na ngozi mnaitoa lini?"

"Tukifika," alisema mume wangu, na jirani akaniangalia kwa huruma akaendelea na safari yake.

Ningevumilia. Wallahi ningesafiri hivyo hivyo, nimefungiwa ndani ya chupa ya maziwa, mradi nifike. Lakini jioni ile, nikiwa napanga nguo, alinijia na futi yangu ya kushonea shingoni, na uso wa mtu aliyepata wazo.

"Mama watoto, nimefikiri. Njiani mawe hurukaruka. Plastiki itachubuka. Nishonee kifuniko cha turubai cha kuuvika ule mlango, halafu basi."

Niliweka chini gauni nililokuwa nalikunja. "Ngoja nielewe. Mlango una wavu."

"Ndiyo."

"Wavu una plastiki ya kuonyesha. Plastiki ina ngozi ya kuifanya isionyeshe. Na sasa unataka niishonee ngozi koti."

"La turubai," alisema, kwa upole kabisa. "Kitu kimoja tu."

Hasira zilinipanda mpaka kwenye kilemba. Nilitoka, nikaingia ndani ya Konokono, nikavuta mlango wa wavu nikautia komeo. Nikasema moyoni, leo nalala humu, kesho pia, na atakayenitaka anikute nimeshafika kwa dada yangu bila kuondoka hapa. Nikakaa kitandani, nikageuka kuangalia nje.

Sikuona kitu. Niseme kweli, niliona mwanga wa jioni, mweupe wenye bluu, na ndani yake madoa. Doa refu lilikuwa kamba ya nguo au mti, sikujua. Doa lililosogea lilikuwa mtu, mwanamume au mwanamke sikujua. Uwanja wangu mwenyewe, ninaoufagia kila siku, nilikuwa siujui. Ndipo nikaelewa dada yangu aliniambia nini kwenye simu.

Doa likasogea mpaka mlangoni.

"Hodi."

"Nani?"

"Mimi."

"Mimi nani?"

"Acha mambo yako, mama watoto. Mimi."

"Naona kitu cha bluu kimesimama. Kinaweza kuwa wewe, kinaweza kuwa pipa la maji."

Akacheka. "Pipa linabisha hodi?"

"Sogea karibu."

Akasogea mpaka pua ikagusa plastiki. Uso ule nimeamka nao maisha yangu yote ya utu uzima, nalijua kila kunyanzi lake na nani alilisababisha, na mengi niliyasababisha mimi. Sasa mahali pa macho niliona madoa mawili ya giza tu.

"Na wewe unaniona?" nikamuuliza.

"Naona kivuli."

"Nacheka au nalia?"

Nilisikia akihamisha miguu kwenye kokoto.

"Sijui," alisema.

"Basi dada naye hajui. Hivi ndivyo anavyoona, baba watoto. Na hata hiki kivuli kinamwondokea. Yeye hana ngozi ya kubandua, angekuwa nayo angeshaibandua kwa meno. Sisi tunayo, na wewe unataka kuishonea koti."

Kisha nikasikia sauti ndogo, kriii, kriii, pembeni mwa bamba la juu. Alikuwa anakwaruza kwa ukucha. Mtu huyu hajawahi kubandua kitu chochote, hakujua hata aanzie wapi.

"Anzia pembeni," nikamwambia.

"Nipo pembeni. Kucha zangu fupi."

"Tumia kisu."

"Nitaichubua!"

"Baba watoto!"

Pembe ikakubali. Ikatoka sauti moja ndefu, chwaaaaa, ambayo mtaani kwetu hatukuwahi kuisikia ikitoka nyumbani kwetu. Akauliza kama namwona. Nikasema bado, kuna ngozi ya upande wa pili. Akazungusha vishikizi, akalitoa bamba lote, tukabaki tunatazamana kupitia wavu mtupu. Macho yake yalikuwa mekundu. Akasema ni vumbi. Nikamwacha aseme.

Alibandua ngozi ya ndani, kisha na za bamba la chini. Mabamba yaliporudishwa, uwanja wangu wote ukaingia mlangoni: kamba ya nguo, karo, muuza mboga aliyesimama na beseni lake ameduwaa.

"Hizi ngozi nizitupe?" mume wangu aliuliza, amezishika mkononi.

"Kama zinakuuma, zikunje uweke mfukoni."

Akazikunja vizuri, pembe kwa pembe, akaweka mfukoni.

Asubuhi yake alitoka chumbani amevaa shati ambalo kijana wetu alimpa zamani, lililokuwa likikaa kabatini ndani ya pakiti. Lilikuwa na mikunjo ya mraba mgongoni na pini moja iliyosahauliwa kwenye kola, na pini hiyo ilimchoma tulipokuwa tunatoka getini, akapiga honi bila kukusudia. Mtaa ukatoka wote kushuhudia konokono akitambaa.

Sitawasimulia njia nzima. Nililala chali kama daktari alivyotaka, nimegeuza shingo mlangoni, na dunia ikapita kwenye yale mabamba: mashamba, shule, mbuzi, mwanamke anayeanika nguo ambaye alinipungia mkono nami nikampungia. Vumbi lilipanda nyuma yetu hata jua likawa jekundu, lakini mdomoni mwangu halikuingia. Kila tuliposimama alishuka akafuta plastiki kwa pindo la shati lake jipya. Jiwe lilichubua bamba moja mahali fulani. Aliligusa lile kovu kwa kidole, akatazama pembeni, akarudi kwenye usukani akaendesha. Nilimpigia makofi peke yangu kule nyuma.

Dada alikuwa amesimama nje ya nyumba yake, amejifunga shali, amegeuzia sikio kwenye mlio wa injini. Gari liliposimama alikuja akipapasa ubavu wake mpaka akaufikia mlango. Hakuusukuma. Aliweka viganja viwili kwenye plastiki, akasogeza uso mpaka paji lake likaigusa, na mimi ndani nikaliweka langu pale pale. Alikodoa. Akainamisha kichwa huku, akakiinamisha kule, akitafuta sehemu ya jicho iliyobaki.

"Umezeeka!" akapiga kelele. "Shemeji, njoo uone! Mdogo wangu amezeeka! Ana makunyanzi mpaka hapa!" Na kidole chake kikagonga plastiki mahali penyewe hasa, kando ya jicho langu la kushoto.

Hakuna aliyewahi kunisema hivyo nikafurahi kiasi kile. Nilifungua komeo nikamwangukia, tukacheka na kulia bila mpangilio, akanishika uso akaugeuzia kwenye mwanga, akakagua kila kitu: meno, mvi, kovu la utotoni ambalo yeye ndiye aliyelisababisha. Tulikaa kwenye ngazi ya Konokono mpaka magoti yakatuganda kwa baridi.

Nyuma yetu, ndani ya gari, ikatoka sauti. Chwaaaaa. Ikanyamaza. Kisha tena, chwaaaaa.

"Nini hicho?" dada akaniuliza.

"Shemeji yako. Anatoa nailoni kwenye viti."

"Mwongo wewe."

"Haki ya Mungu."

Hakuniamini. Akajishikiza begani kwangu akainuka, akasema nimwongoze ndani haraka akajionee mwenyewe, maadamu bado anaona.